Negativu Moja Goma, Nyingine Ng'ambo ya Grande Barrière

Watu wa Goma, upande wa Kongo, na wa Gisenyi, upande wa Rwanda, wamezoea kuondoka nyumbani bila kujipanga. Julai 1994 karibu watu milioni moja walitoka Rwanda wakaingia Zaire, Kongo ya leo, ndani ya siku chache, wengi wao kupitia mpaka wa miji hii miwili. Novemba 1996 mamia ya maelfu wakarudi kwa njia ileile. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikamwaga lava hadi katikati ya Goma, na safari hiyo waliokimbia walikuwa wa Goma, wakielekea Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafumuka tena; lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Kila mara watu wamebeba godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Picha zimebaki ukutani.

Ndiyo maana pande zote mbili za mpaka utakuta ukoo mzima una picha moja tu ya babu au ya mama aliyefariki. Ni nyeusi na nyeupe, ndogo kama kidole gumba, imebanduliwa kwenye kitambulisho, na mhuri wa bluu umepita begani hadi shavuni. Studio iliyoipiga haipo. Negativu haipo. Ikipotea hiyo, wajukuu hawatamjua tena kwa sura.

Naandika kwa ajili ya mwenye kamera ya filamu, awe mpiga picha wa kazi au kijana aliyerithi Zenit ya baba yake, anayetaka kuitengenezea picha kama hiyo negativu mpya. Na nasisitiza negativu mbili, si moja: zipigwe siku moja, kisha zitengane, moja ilale Goma na nyingine ivuke Grande Barrière, kituo kikuu cha mpaka, ikalale kwingine. Mambo mengine yote nitakayoeleza yanatumikia hilo.

Simu nayo itumike. Piga nakala kwa simu siku hiyohiyo, itume kwa ndugu walio mbali. Lakini tunajua simu zetu zinavyokwenda: huibwa, huanguka majini, hujaa, huuzwa, na picha iliyotumwa mara kumi kwa WhatsApp imekwisha kupoteza ukali wake. Negativu ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri na kutunzwa pakavu hukaa miongo mingi, na siku ya kuitazama haihitaji umeme wala neno la siri. Unaiinua dirishani, unamwona mtu.

Nenda ilipo picha

Usichukue picha ya mtu kwenda nayo kwako. Hata akikuamini, hata akisema "chukua tu, utanirudishia kesho." Kesho mpaka unaweza kufungwa, watu wa hapa wameona hilo zaidi ya mara moja, kwa sababu ya ugonjwa, ya mlima na ya vita. Beba vifaa vyako, nenda nyumbani kwake, nakili mezani pake naye akiwa anatazama. Picha ya asili isivuke.

Kwenye barrière yenyewe, iwe Grande Barrière kule ufukweni au Petite Barrière upande wa Birere, kamera ikae ndani ya begi imefungwa. Kupiga picha mpakani kunaleta matatizo makubwa, na maelezo ya kwamba wewe unashughulika na picha za wazee hayatasikilizwa kwa urahisi. Ukiulizwa, sema kweli, onyesha vifaa.

Vifaa vya safari ni vichache: kamera yenye lenzi ya milimita 50, mguu wa kamera, waya wa kubonyezea, pete za kurefusha lenzi, kioo kidogo cha kujitazamia, kipande cha kioo cha dirisha kilichosuguliwa kingo, kadibodi nyeusi, karatasi nyeupe mbili tatu, brashi laini, penseli na rula.

Pete ndizo zitakazokuwezesha kusogea karibu. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 haiwezi kujaza fremu kwa picha ndogo. Ikisogezwa karibu sana inakataa kulenga. Seti za zamani za Kirusi za kufungwa kwa skrubu, zile za Zenit, huwa na pete tatu: milimita 7, 14 na 28. Kwa picha ya sentimita 9 kwa 13, weka pete ya 7 na usogeze lenzi mpaka karibu na mwisho wa kulenga kwake. Kwa picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, weka ya 28. Aliye na lenzi maalumu ya vitu vya karibu ana bahati, lakini asiyekuwa nayo asisubiri mpaka aipate.

Jambo moja kuhusu pete: lenzi ikisogea mbali na filamu, mwanga unaofika hupungua. Kamera inayopima mwanga kupitia lenzi hulisahihisha yenyewe. Ukipima kwa mita ya mkononi, inakupasa uongeze mwenyewe: kwa picha ya 9 kwa 13 zidisha muda mara 1.6, kwa picha ya pasipoti zidisha karibu mara 3. Wengi hupata negativu nyepesi zisizo na kitu kwa kusahau hili.

Filamu gani

Chukua filamu ya polepole, ya ISO 100 au 125. Ilford FP4 Plus, Kodak T-Max 100 au Kentmere 100 zote zinafaa. Za ISO 400 zina chembe kubwa, na picha ya kitambulisho ambayo tayari ina chembe zake haihitaji kuongezewa nyingine. Kwa kuwa filamu hizi hazipatikani kila duka, mwagize mtu anayetoka Nairobi, Kampala au Ulaya, na umwambie aishike mkononi. Mashine za kawaida za kukagua mizigo ya mkononi haziidhuru filamu ya ISO 100 kwa mara moja au mbili, ila mashine mpya za viwanja vikubwa vya ndege zinaweza kuiharibu. Aombe ikaguliwe kwa mkono.

Iko pia filamu isiyoona rangi nyekundu, kama Ilford Ortho Plus. Hiyo ni nzuri kwa picha iliyofifia ikawa ya manjano, kwa sababu huifanya manjano iwe nyeusi zaidi na sura ikarudi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ni mbaya kwa picha yenye madoa ya chai au mhuri mwekundu: madoa yote yatakolea. Kama unanunua aina moja tu, nunua ile ya kawaida inayoona rangi zote, halafu utumie filta. Nitalirudia hilo.

Meza, kioo na mwanga

Mwanga bora wa hapa ni wa bure. Baraza yenye kivuli, saa tatu au nne asubuhi, mawingu yakiwa yametanda juu ya Ziwa Kivu, hutoa mwanga laini unaofanana kila upande. Jua kali liepuke kabisa. Ndani ya nyumba, weka meza karibu na dirisha, kisha upande wa pili simamisha karatasi nyeupe au shuka jeupe ili lirudishe mwanga. Ukitumia taa, ziwe mbili za aina moja, kila moja upande wake, kwa umbali sawa, zikiinama nyuzi 45. Umeme wa Goma ukikatika katikati ya kazi taa hazitakusaidia, hivyo mimi naamini zaidi dirisha.

Kujua kama mwanga uko sawa pande zote, simamisha penseli wima katikati ya mahali picha itakapokaa. Tazama vivuli vyake. Vikiwa viwili vyenye weusi na urefu sawa, endelea. Kimoja kikiwa kizito zaidi, sogeza karatasi au taa mpaka vilingane. Ukiwa barazani huenda usione kivuli chochote, na hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote.

Sasa kamera. Lazima iitazame picha uso kwa uso, bila kuinama hata kidogo, la sivyo upande mmoja wa picha utakuwa mpana kuliko mwingine na pembe moja itakosa ukali. Kupima kwa jicho hakutoshi. Laza kile kioo cha kujitazamia pale picha itakapokaa, kikiwa bapa, kisha chungulia kwenye kamera. Utaiona lenzi yako mwenyewe ikikutazama. Sogeza mguu wa kamera mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya fremu. Likikaa hapo, kamera na meza vimelingana. Ondoa kioo, weka picha, usiguse mguu tena. Ni ukaguzi wa dakika moja, na ndio unaotofautisha nakala ya studio na nakala ya kubahatisha.

Picha iliyojikunja ilazwe kwa kile kipande cha kioo cha dirisha kilichofutwa vizuri. Kioo huleta mng'aro, na pia huionyesha kamera yenyewe kama kivuli juu ya uso wa mtu. Toboa kadibodi nyeusi tundu la ukubwa wa lenzi, uivalishe lenzi, na kivuli hicho kitapotea. Vaa nguo nyeusi pia; shati jeupe la mpiga picha linaonekana kiooni kuliko anavyodhani.

Zungusha tundu la lenzi hadi f/8. Hapo lenzi nyingi ziko kwenye ukali wao mkubwa, na sehemu ya picha iliyoinuka kidogo bado itaonekana wazi. Muda ukishuka chini ya sekunde 1/60, usibonyeze kwa kidole. Tumia waya, au ile saa ya kamera ya kujipiga.

Kupima mwanga

Kamera huamini kwamba kila inachokiona ni cha kijivu. Ukiipimisha kwenye picha ya bibi harusi aliyevaa shela jeupe, itadhani kuna mwanga mwingi mno na itapunguza, na bibi harusi atatoka wa kijivu. Ukiipimisha kwenye picha ya padri aliyevaa kanzu nyeusi, itafanya kinyume. Kwa hiyo usipime kwenye picha. Weka kadi ya kijivu ya wapiga picha mahali pa picha, upime, kisha uiondoe. Asiyekuwa na kadi aweke karatasi nyeupe ya kuchapishia, apime, kisha azidishe muda mara 5: kamera ikisema 1/250, piga 1/50, yaani 1/60 ya kamera za zamani.

Piga kila picha kwa kipimo hicho, halafu mara nyingine kwa mwanga mara mbili zaidi. Sehemu nyeusi za picha ya asili, kwa mfano nywele, koti na macho, zina habari kidogo sana, na mwanga mdogo huzifuta zote. Hasara ya kuzidisha kidogo ni ndogo kuliko hasara ya kupunguza.

Madoa, mihuri na picha zilizonata

Hapa ndipo filamu ya nyeusi na nyeupe inapokuwa chombo cha ajabu. Doa la rangi fulani hupungua ukiliangazia mwanga wa rangi yake, na hukolea ukiliangazia rangi iliyo kinyume. Picha nzuri yenye doa la manjano la maji au chai: tumia filta ya manjano au ya machungwa, doa litafifia. Picha iliyofifia yenyewe, ambayo sura imegeuka manjano hafifu na mtu anaonekana kama yuko nyuma ya ukungu: tumia filta ya bluu, sura itakolea na macho yatarudi. Mhuri mwekundu hufifia kwa filta nyekundu. Mhuri wa bluu, ule wa vitambulisho vingi, hufifia kwa filta ya bluu.

Tatizo huja picha ya kitambulisho inapokuwa na mhuri wa bluu na karatasi ya manjano kwa pamoja. Filta ya bluu itaufifisha mhuri lakini itaikolesha karatasi. Usijaribu kuamua hapohapo. Piga mara moja na filta na mara moja bila filta, ukaamue baadaye ukiwa na negativu mkononi.

Kila filta hula mwanga. Ya manjano huomba mara mbili hivi, ya bluu nzito huomba zaidi sana. Tarakimu yake huandikwa kwenye fremu ya filta au kwenye karatasi iliyokuja nayo. Asiyekuwa na filta ya lenzi afunike taa au kidirisha kwa karatasi ya nailoni ya rangi, ile ya kufungia zawadi, na chumba kingine chote kiwe na giza. Rangi ikiwa kwenye mwanga badala ya kwenye lenzi, ukali wa picha haupungui.

Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu yake isibanduliwe. Narudia, isibanduliwe. Unyevu wa ziwa hulainisha ngozi ya picha, ngozi ikashika kioo, na anayevuta huacha uso wa mtu kwenye kioo na karatasi tupu mkononi. Futa kioo kwa nje, inakili hivyohivyo. Picha iliyofungwa kwenye plastiki ya kulaminesha nayo isichanwe. Mawimbi ya plastiki yatang'aa. Shusha taa chini kidogo upande mmoja mmoja mpaka mng'aro utoke usoni, hata ukibaki pembeni.

Vumbi ondoa kwa brashi, polepole, kutoka katikati kwenda nje. Usitumie kitambaa chenye maji, wala mate, wala spiriti, wala mafuta ya nazi, ambayo nimeona yakitumika kwa nia njema. Ukungu mweupe kwenye picha ni kuvu. Ukiusugua, unatoka pamoja na picha. Uache, upige hivyo ulivyo.

Kwenye picha nyingi za zamani utaona kingo nyeusi zimepata mng'aro wa bluu kama fedha. Ni fedha kweli: picha hizi zimetengenezwa kwa chembe za fedha, nayo fedha huharibiwa na hewa ya salfa. Nyiragongo hutoa salfa nyingi sana, na sisi tunaishi chini yake. Mng'aro huo huondoka ukiweka filta ya poleraizi kwenye lenzi na nyingine juu ya taa, kisha ukazungusha ya lenzi mpaka weusi urudi. Bila hizo mbili, inamisha taa zaidi kuelekea mezani.

Kuhusu vitambulisho vyenyewe nina neno la pekee. Kitambulisho cha Rwanda cha kabla ya 1994 kilikuwa na mstari wa ubwoko, yaani kabila, na mstari huo uliwaua watu kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari. Mtu anaweza kukuletea kadi nzima kwa sababu ndiyo picha pekee ya baba yake. Muulize kwa upole: "Mama, ninakili uso peke yake, au kadi yote?" Wengine watataka kadi yote ihifadhiwe kama ushahidi. Wengine hawataki kuiona tena, wanataka sura tu. Uamuzi ni wake, si wako, na usimwombe akueleze sababu. Katika Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi, Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba ambamo familia zimetundika picha za watu wao waliouawa. Ukiingia humo utaelewa uzito wa karatasi ndogo unayoshikishwa.

Picha tisa kwa mkanda mmoja

Mkanda una fremu 36. Kila picha ipigwe mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye mwandiko wa mpigwaji, tarehe, muhuri wa studio, jina la mtoto lililoandikwa na shangazi ambaye hayupo tena. Wengi husahau nyuma, na nusu ya habari inapotea.

Mbele na nyuma ni fremu mbili. Picha tisa ni fremu 18, nusu ya mkanda. Piga zote tisa kwa kipimo cha kawaida, halafu uanze upya uzipige zote tisa, mbele kwa mwanga mara mbili na nyuma vilevile kama mwanzo. Kazi ya kupanga picha mara mbili inachosha, lakini faida yake utaiona ukikata filamu: vipande vitatu vya kwanza vya fremu sita sita vina picha zote tisa, na vipande vitatu vya mwisho vina zilezile zote tisa. Umeshapata seti mbili kamili zinazoweza kutengana. Ukipiga kila picha mara mbili mfululizo, seti zako zitakuwa kwenye kipande kimoja na haziwezi kugawanyika. Picha yenye mhuri, inayotaka fremu ya ziada ya filta, ihesabu kama picha mbili.

Weka rula ukingoni mwa kila picha, na kando yake kijikaratasi chenye namba iliyoandikwa kwa penseli nene. Daftarini, mbele ya namba hiyo, andika: ni nani, mwana wa nani, ilipigwa wapi, mwaka gani kama unajulikana, na nani amekueleza. Mzee akisema "huyu wa kulia simkumbuki," andika hivyo. Mwingine atamkumbuka.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda kusafisha: picha zilizofifia zikusanye kwenye mkanda wao, na zenye weusi na weupe mkali kwenye mwingine. Mkanda wa zilizofifia utausafisha kwa muda mrefu zaidi, kama robo hivi ya muda wa kawaida, ili weusi na weupe uachane. Ukizichanganya, aina moja itaumia.

Kusafisha kwa maji kidogo

FP4 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa husafishwa dakika 11 kwa nyuzi 20. Maji yetu mara nyingi ni ya joto zaidi ya hapo. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji yaliyolala usiku nje, pima kwa kipimajoto, na kama bado yamezidi fuata jedwali la kiwandani la kupunguza dakika. Baada ya hapo maji ya kukatiza, kisha fiksa isiyogandisha ngozi ya filamu.

Suala la maji linawasumbua wengi, hasa Goma, ambako kuna mitaa inayoteka kwa madumu. Huna haja ya bomba linalotiririka nusu saa. Jaza tanki maji mapya, ligeuze mara 5, mwaga. Jaza tena, geuza mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, geuza mara 20, mwaga. Hii ni njia ya Ilford yenyewe, na kwa mkanda mmoja inatumia karibu lita moja. Maji ya ziwa yana chumvi nyingi na huacha alama nyeupe yakikauka, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa kiwandani, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Hakikisha ni maji na si asidi. Tone moja la sabuni laini linatosha kuyafanya yateleze.

Filamu ikauke mahali pasipo na vumbi. Vumbi jeusi la lava huingia kila mahali, na likinata kwenye filamu mbichi halitoki. Bafuni, baada ya kunyunyiza maji sakafuni na kufunga mlango, ndipo pazuri. Fiksa iliyotumika usiimwage ziwani; ina fedha ndani yake, na watu wanaoga humo.

Kutenganisha

Kata filamu kwa fremu sita sita. Tia vipande kwenye mifuko ya karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polithini, si ile plastiki laini yenye harufu kali. Andika kwa penseli. Weka kwenye bati lenye kifuniko kinachobana, na vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na vifaa vya umeme. Visipotupwa hufaa sana dhidi ya unyevu wa Kivu.

Seti ya kwanza ibaki kwa mwenye picha. Ya pili ivuke. Kama mwenyewe ni wa Goma, mpe ndugu yake wa Gisenyi, au kinyume chake. Lakini tusijidanganye: mwaka 2021 matetemeko yalipasua nyumba za Gisenyi pia, na mlima ni mmoja. Kama kuna mtoto anayesoma Kigali, au shangazi aliyeolewa Bukavu au Kampala, seti ya pili ikae huko, na Gisenyi iwe njia tu. Mpe mwenye picha karatasi iliyochapwa pia, hata ndogo, kwa sababu mama mzee hatainua negativu dirishani. Anataka kuishika picha.

Mwaka 1994 na 1995, mashirika ya kuunganisha familia yalipiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao katika kambi za Goma, yakazibandika ili wazazi wazitafute sura zao. Watoto walipatikana kwa picha. Watoto hao leo ni watu wazima, na wengi wao wanatafuta sura za wazazi ambao hawakurudi. Picha ya mzazi huyo huenda iko ndani ya Biblia ya jirani yake wa zamani, au chini ya godoro la shangazi upande wa pili wa mpaka, bila nakala.

Kwa hiyo, wewe mwenye kamera, anza na nyumba moja mwezi huu. Uliza picha za kitambulisho kwanza, kwa sababu ndizo ndogo, ndizo zenye mihuri, na ndizo ambazo watu huziona aibu kuzileta. Na wewe mwenye picha, usisubiri mlima utoe dalili. Mwite mpiga picha, msimamie akinakili mezani pako, halafu seti ya pili mpe mtu anayelala mbali na wewe.